Hataza ya Thelathini na Mbili

Kazini walimwita Bi Kufuli, na jina lenyewe hakulichukia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya tatu, kina mlango wa chuma na hakina dirisha. Nje ya mlango palikuwa na kimeza chenye daftari la kusaini kuingia na kutoka, kama la zahanati. Ndani zilijaa hataza za kampuni pinzani, maelfu ya kurasa zinazoeleza nani amevumbua nini kwenye simu na nani haruhusiwi kukiiga bila leseni. Yeye ndiye aliyelipwa kuzisoma. Watu wa programu, wale walioandika mfumo wa kampuni unaoendesha simu, walikatazwa kuzitupia hata jicho la pembeni.

Mtu wa nje angesema huo ni wendawazimu, na asingekosea sana. Lakini hesabu yake ilikuwa hivi: ukivunja hataza ya mwenzako bila kujua, utamlipa. Ukiivunja huku unaijua, mahakama inaweza kukulipisha mara tatu. Basi kampuni ikakata shauri kwamba ujinga ni mali, ikaujengea mlango wa chuma.

Tabu ni kwamba Bi Kufuli aliolewa na mtu wa programu, tena mkuu wao, ambaye ofisi nzima ilimwita Fundi. Wenzao hula kiapo kimoja cha ndoa, wao walikula viwili. Cha pili walikisaini mbele ya wakili wa kampuni: nyumbani mume anaweza kuzungumzia kazi yake apendavyo, ila mke asimjibu neno kuhusu alichosoma. Miaka tisa alikishika kiapo hicho. Mume akieleza mezani jambo analotaka kulitengeneza, na Bi Kufuli akajua lina mwenyewe, alitazama sahani yake na kunyamaza. Aliamini kwamba kunyamaza ndiko kutii.

Mwaka huo wa tisa kampuni pinzani moja, nayo ikiwa na mfumo wake wa simu, ilimtuma mjumbe wa leseni. Alikuwa mzee mnene wa sauti laini, na vijana wa mapokezi walishambatiza Asali kabla hajafika kwenye lifti. Aliketi na wakili wa kampuni, Bi Kufuli akiwa pembeni na mafaili yake, akatandaza ofa mezani. Hataza thelathini na moja katika leseni moja. Kila simu itakayouzwa itoe kiasi kidogo. Na juu ya hapo apewe ruhusa ya kutumia hataza moja tu ya kampuni, ile ya kuzilaza programu zilizosahauliwa ili betri isiishe.

"Hatuhitaji leseni," wakili akasema. Alikuwa mtu mwembamba asiyependa kukaa, na alisema hivyo akiwa amesimama. "Hatujagusa hataza yenu hata moja."

"Ndicho kinachonishangaza, mwanangu," Asali akasema. "Mtu akivuka shamba lenye visima thelathini na kimoja vilivyofunikwa majani, asitumbukie hata kimoja, mimi simwiti mwenye bahati. Namuuliza nani alimshika mkono."

Alikuwa bingwa wa kuuma na kupuliza, kwa sababu hapo hapo aliwaaga kwa upole, akawasifia hata chai. Mlangoni aligeuka akasema hana haraka, atasubiri kisima cha thelathini na mbili. Wakili alicheka. Bi Kufuli hakucheka. Maneno yale yalimwingia na yakakataa kutoka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiyageuza.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe, aliyekuja kutembea wiki mbili na sasa anamaliza mwaka wa nne. Jioni hiyo walikula watatu. Fundi alikuwa akieleza wazo lake jipya la jinsi simu itakavyopanga ujumbe kwa kufuata watu unaowajibu haraka. Bi Kufuli alilijua wazo hilo, lilikuwa kwenye rafu ya nne, faili la kijani. Akatazama sahani.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema, "wewe ukinyamaza, huyu naye hutoa kalamu."

"Mama, nawe," Fundi akasema.

"Nimesema uongo? Miaka minne nakaa kiti hiki hiki. Wewe unaongea weee, mkeo akiinamisha kichwa, unaandika. Mwenye macho haambiwi tazama."

Fundi alicheka. Bi Kufuli alikisikia kile kicheko na akaona kimekuja upesi kuliko kilivyopaswa.

Kesho yake alifungua kabati la karatasi za ukaguzi. Kila Jumatatu kampuni ilimletea maelezo mafupi ya vipengele vipya, naye aliweka alama ya kijani penye usalama na nyekundu penye hataza ya mtu. Kikundi cha mumewe kilikuwa hakijapata nyekundu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Jambo hilo alikuwa akijivunia. Aliwaambia hata dada zake kwamba mume wake ana kipaji cha ajabu, anapita palepale wengine wanapoangukia. Sasa alikaa na karatasi za miaka tisa akizisoma kwa jicho jingine. Kila alipokumbuka jioni aliyonyamaza, aliona siku tatu au nne baadaye wazo limekuja limegeuzwa hatua moja. Hatua moja tu, iliyotosha.

Angeweza kumuuliza. Mimi na wewe tungemuuliza. Lakini kumuuliza mtu, "Unajifunza nini kwenye kimya changu?" ni kukiri kwamba kimya kina kitu ndani, na hapo kiapo kimevunjika. Kwa hiyo alifanya alichozoea kukifanya kazini. Alipima.

Wiki iliyofuata Fundi alieleza mezani kwamba anataka mlio wa simu upungue wenyewe mtu anapoinyanyua simu. Bi Kufuli alizijua rafu zote, na jambo hilo hakuna aliyelimiliki. Lilikuwa huru kama hewa. Hata hivyo aliinamisha kichwa, akachezea kijiko, akanyamaza kimya chake kile cha siku zote. Jumatatu karatasi ikaja: mlio utapungua simu ikilia kwa mara ya pili. Kunyanyua hakukutajwa tena.

Alikasirika. Nisifiche, alikasirika kama mtu aliyegundua kwamba mlango wake una ufunguo wa pili na hajui umetumika mara ngapi. Miaka tisa alidhani analinda kitu, kumbe usoni pake palikuwa pakisomwa kila jioni kati ya chumvi na glasi za maji. Alianza kumtilia shaka katika kila jambo. Mume alipomsifia nguo, alijiuliza anatafuta nini. Alipomwuliza mbona kachoka alijibu, "Kazi tu," na kuangalia pembeni. Na lile swali baya likamjia: alimwoa yeye, au alioa chumba chenye mlango wa chuma?

Siku ya Jumanne Fundi alikuja mezani amechangamka. Anataka simu itambue imeshikwa na mkono upi, kisha vitufe vihamie upande wa kidole gumba. Hataza hiyo Bi Kufuli aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya kina Asali, na ilikuwa mpya. Kila mshipa wake ulijua kwamba sasa ndipo pa kutazama sahani.

Alicheka. Alichukua simu yake kwa mkono wa kushoto, akamwonyesha mama mkwe jinsi kidole kinavyohangaika bila kufika, na mama mkwe naye akacheka, akasema mikono yao wote wawili imeumbwa kwa ajili ya mwiko tu. Bi Kufuli hakusema neno lolote kuhusu hataza. Alimwongezea mumewe chakula, na jicho moja likawa kwenye uso wake. Fundi alimtazama kidogo, akatoa kalamu, akaandika.

Alikuwa amejipangia. Jumatatu kipengele kitakuja kwenye karatasi, ataweka alama nyekundu, kitafutwa, na hakuna atakayeumia. Yeye atakuwa amepata jibu lake, kwamba mume hukwepa kwa kuusoma uso wake tu. Jumatatu ikaja, na kweli aliweka nyekundu, tena aliikoleza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Jibu lilirudi kabla ya saa sita: kipengele kimekwisha kutoka. Mkuu wa mauzo alikuwa na haraka zake, akawapelekea watengenezaji watatu wa simu toleo la majaribio tangu Ijumaa. Kitaondolewa kwenye toleo lijalo.

Mmoja wa watengenezaji hao alikuwa na mguu huku na mguu kule. Alitengeneza simu za mfumo huu na za mfumo ule, na hakukawia kupeleka habari.

Wiki mbili baadaye Asali alirudi, safari hii akiwa na vijana wawili wa suti. Hakutandaza karatasi. Alitoa simu mfukoni, akaishika kwa mkono wa kulia, vitufe vikaenda kulia. Akaihamishia kushoto, vikahamia kushoto.

"Thelathini na mbili," akasema. "Nami sisemi mmekosea, maana anayejua kukwepa thelathini na moja anajua pia alipoingia. Mmeingia huku mnaona. Leseni ya zote, na ile yenu ya kuzilaza programu naichukua iwe yangu. Ama twende mahakamani tukazidishe kwa tatu."

Alipoondoka, wakili alifunga mlango na kwa mara ya kwanza Bi Kufuli akamwona ameketi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wakili akasema. "Kila kitu sasa kinasimama kwenye swali moja. Je, msomaji alimwambia mwandishi? Kama hakumwambia, hayo ya kujua ni porojo za Asali. Kama alimwambia, nitahitaji mtu wa kumtupa nje." Akasukuma karatasi mbele yake. "Umewahi kumwambia mumeo?"

"Sijawahi kumwambia neno."

"Saini."

Karatasi ilisema hajawahi kumpasha mwandishi yeyote habari za hataza kwa neno, kwa maandishi au kwa namna nyingine yoyote. Hayo ya mwisho aliyasoma mara mbili, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yake. Kisha akasaini. Aliogopa, ndiyo sababu, na sababu nyingine hakuwa nayo.

Fundi aliitwa mchana. Bi Kufuli alikaa chumbani kwake akisubiri, akimshuku kwa kila atakachoweza kusema. Saa tisa wakili alikuja mwenyewe mpaka mlango wa chuma, asivuke kizingiti.

"Mumeo amekataa kusaini karatasi ya kwamba hakujua," akasema. "Anasema aliijua hataza hiyo. Aliisoma mwenyewe kwenye rejista ya wazi ya mtandaoni, peke yake, na hakuna aliyemwambia. Nimemwachisha kazi leo hii. Pole."

Alimkuta nyumbani, kiboksi cha vitu vyake vya ofisini kiko juu ya meza ya chakula: kikombe, chaja mbili, picha yao, kalamu. Mama mkwe alikuwa amejifungia chumbani, na mlangoni ilisikika kwikwi ya mtu anayejizuia.

"Uliisoma kweli?" Bi Kufuli akauliza.

"Sijasoma hata ukurasa mmoja tangu nizaliwe."

"Sasa mbona umesema hivyo?"

"Walikuwa wanamtafuta mtu aliyemwambia mwenziwe. Nikisema nilisoma mwenyewe, basi hakuna aliyemwambia mtu."

Bi Kufuli alivuta kiti. "Mimi nilikwisha kusaini kwamba sijakuambia."

"Najua ulisaini. Ndiyo maana sikusaini mimi. Tungesaini wote wawili, wangetuhoji mpaka mmoja ateleze."

Kisha Bi Kufuli akalitoa lile lililomkaba wiki zote hizo. "Ulianza lini kunisoma usoni?"

"Mwaka wa kwanza. Mwanzoni sikujua kama nafanya hivyo, ilikuwa kama mtu anavyojua mkewe kakasirika. Baadaye nikajua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanyaje? Ungekwenda kumwambia wakili, angekuhamisha au angenihamisha mimi. Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani ni namna yako ya kunisaidia, tukiwa kimya hivyo hivyo."

"Sikujua," akasema, na machozi yakamtoka. "Wallahi sikujua. Nilijivunia akili yako."

Fundi aliiokota kalamu ndani ya boksi, akaiangalia, akairudisha. "Jioni ile ya vitufe ulicheka mno. Wewe miaka tisa hujawahi kuchekea kazi yangu. Kabla hujaiweka ile simu chini nilishajua ni mtego."

Bi Kufuli alimkodolea macho. "Kama ulijua, kwa nini uliandika?"

"Nilitaka kuona. Nilisema, huyu ni mke wangu, nione kama ataniacha niingie."

"Ningekuzuia Jumatatu. Niliweka nyekundu, nenda kaulize, ipo mpaka leo."

"Sawa, uliweka. Lakini tuliongea Jumanne." Hakupandisha sauti. "Tulikula pamoja Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi ulinisindikiza sokoni. Kila siku nilikutazama, nikasema sasa hivi atainamisha kichwa. Siku sita ulikuwa unanitabasamia."

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa wakili kabla ya sekretari. Aliwaza usiku kucha, akaamua lolote na liwe, atasema ukweli wote: kimya, kipimo, kicheko. Wamfukuze yeye. Mume wake asibebe jina la mwizi wa hataza maisha yake yote, maana kwenye kazi ile mtu wa namna hiyo haajiriwi tena na yeyote.

"Nimekuja kusema kitu kuhusu ile karatasi niliyosaini," akaanza.

Wakili aliinua kiganja. "Usiseme."

"Ni ukweli."

"Ndiyo maana nakwambia usiseme. Ukiniambia, nitajua. Nikijua mimi, imejua kampuni, na tutalipa mara tatu. Sasa hivi nina mfanyakazi mmoja aliyevunja katazo la kampuni peke yake na ameshafukuzwa. Asali ameridhika. Atatupatia leseni kwa bei ya kawaida, na ile ya kuzilaza programu tunamkabidhi."

"Hiyo aliivumbua mume wangu."

"Ni mali ya kampuni," wakili akasema, na kidogo uso wake ukalegea. "Sikia, mama. Tangu siku ya kwanza yule mzee alikuja kwa ajili ya hiyo moja. Hayo mengine ni mapambo. Na ule mfano wake wa visima, humwambia kila mtu. Alituambia hata sisi, miaka kumi na miwili iliyopita, kabla hujaajiriwa, wakati tulikuwa hatujakwepa chochote. Anatupa jiwe kichakani, halafu anakaa kusikiliza nini kitakurupuka."

Bi Kufuli alishika ukingo wa meza. Yule mzee hakujua chochote. Hakuwa na ushahidi wala fununu, alikuwa na sauti laini na maneno ya kukariri, na yeye akayabeba mpaka nyumbani kwake na kuyapakua mezani.

"Orodha ya makabidhiano lazima isomwe mara ya mwisho kabla ya saini," wakili akaongeza. "Na anayeruhusiwa kusoma ni wewe."

Alisaini daftari, akaingia, akasoma. Mstari wa mwisho ulikuwa na namba ya hataza, tarehe yake, na jina la mvumbuzi kwa herufi kubwa. Aliangalia kama jina la mumewe limeandikwa sawasawa. Lilikuwa sawasawa, akaweka kijani. Kisha akaandika barua ya mistari miwili ya kuacha kazi, akaiacha ndani ya daftari pamoja na ufunguo.

Jioni walikula watatu. Mama mkwe, ambaye hakuambiwa chochote ila alijua kila kitu, alijitahidi kuuliza habari za majirani na hakuna aliyemjibu vizuri. Bi Kufuli aliweka kijiko chini.

"Nimeacha kazi," akasema. "Ufunguo nimerudisha. Sijafungwa tena na kitu. Sasa ukiwa na wazo lolote, niambie, nami nitakujibu kwa mdomo wangu. Kama lina mwenyewe nitakwambia lina mwenyewe."

Fundi aliinua macho, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa umakini ule ule wa miaka tisa. Alianzia kwenye macho, akashuka mdomoni, akarudi kwenye macho. Alikuwa akitafuta kitu, na Bi Kufuli alikaa tuli ili akione, lakini hakujua tena aushike vipi uso wake ili uaminike.

"Siku hizi sina wazo," Fundi akasema, akamgeukia mama yake na kumwomba chumvi.